Hukumu ya Mabenchi: Watazamaji wa Manzese na Picha Mpya

Kila sanaa ina mahakimu wa namna mbili. Wako wanaoandika, na wako wanaosema tu. Hukumu ya wanaoandika huwekwa maktabani ikasomwa na wajukuu. Hukumu ya wanaosema hupotea pamoja na jioni iliyoizaa. Kwa sababu hiyo historia ya sinema katika nchi nyingi imeandikwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Katika Tanzania upungufu huo ni mkubwa zaidi, maana wahakiki wa picha walioandika walikuwa wachache sana, na waliosema walikuwa maelfu. Makusudi ya insha hii ni kuitafuta hukumu ya waliosema katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, yaani Manzese, katika miaka ambayo picha mpya za Kiswahili zilitoka kwa wingi usiopata kuonekana kabla yake. Na kuuliza kwa nini hukumu hiyo haikusikilizwa mpaka ilipokuwa imechelewa.

Swali la nani anaweza kuhukumu picha ni la zamani katika nchi hii. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza picha za mafunzo kwa Waafrika, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Waliolianzisha walizipakia picha zao katika lori wakazitembeza vijijini, wakaangalia namna zinavyopokewa. Walakini fikra iliyotawala katika ofisi za wakoloni za zama zile, na iliyoshikiliwa baadaye na Kitengo cha Filamu cha Kikoloni kilichoanzishwa London mwaka wa 1939, ilikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika ni mwanafunzi mgeni: yafaa aonyeshwe mambo polepole, moja moja, bila ya mafumbo. Mtu aliyefikiriwa hivyo hakuweza kuombwa rai yake juu ya ubora wa picha. Aliombwa ajifunze tu.

Mji wa Dar es Salaam ulikwisha kuikanusha fikra hiyo kabla ya Uhuru. Katika majumba ya sinema ya mjini, kama Empire, Avalon na Empress, watu wa kila kabila walilipa kiingilio wakatazama picha za Kihindi, za Kimarekani na za Kimisri. *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotolewa Bombay mwaka wa 1951, ilipendwa katika pwani nzima ya Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho watu waliiona mara nyingi, wakazijua nyimbo zake bila ya kuijua lugha yake. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 yalitengenezwa pia maigizo ya Kiswahili, kama *Muhogo Mchungu*, ambamo kijana Rashidi Kawawa alikuwa mwigizaji mkuu, miaka kadha kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka wa 1962. Watu wale walioambiwa hawawezi kufuata hadithi iendayo mbio waliitazama hadithi ya baba hakimu na mwana mwizi, wakabishana njia nzima ya kurudi nyumbani juu ya nani mwenye hatia.

Mabishano hayo ya njiani ndiyo mwanzo wa uhakiki wa sinema kwa Kiswahili. Aliyeiona picha alikuwa na deni kwa asiyeiona: kesho yake barazani ilimpasa aisimulie. Na kusimulia si kukariri. Msimulizi huchagua, huacha, hukuza, hulaumu. Akifika mahali palipomchosha hupapita kwa maneno mawili, na akifika mahali palipomgusa husimama akaigiza kwa mikono. Kwa hiyo mtu aliweza kuijua thamani ya picha kwa urefu wa masimulizi yake. Picha iliyokwisha kwa sentensi moja barazani ilikuwa imekwisha kuhukumiwa.

Manzese haikuwa na jumba la sinema la namna hiyo. Ni mtaa uliokua upesi baada ya Uhuru kandokando ya Barabara ya Morogoro, kwa mikono ya watu waliotoka bara kutafuta kazi, waliojenga kwanza kisha wakangoja mipango iwafuate. Katika miaka ya 1970 ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyotiwa barabara, maji na taa katika mpango wa Serikali uliosaidiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Walakini hakuna mpango uliotaja sinema. Mpenzi wa picha aliyekaa Manzese alikwenda mjini kwa basi au kwa miguu, na alichokiona huko kilitegemea Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka wa 1968 na lililokuja kupewa kazi ya kuingiza na kusambaza picha. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya ziliadimika nazo, na zile za kale zikarudishwa tena na tena mpaka zikachanika. Kizazi kimoja kilimjua Bruce Lee kwa picha ambazo mistari ya mikwaruzo ilikuwa mingi kuliko maadui.

Kilichobadili mambo ni kanda ya video. Baada ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, mashine za kuchezea kanda ziliingia kwa wingi zaidi. Mwaka wa 1994 Tanzania Bara ilipata televisheni kwa mara ya kwanza. Majumba ya mjini yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, mengine yakageuzwa maduka na mengine mahali pa ibada; na mitaani yakazuka mabanda ya mbao na mabati, yenye televisheni moja mbele na mabenchi nyuma, ambayo watu waliyaita vibanda umiza. Jina hilo ni uhakiki kamili wa jengo: benchi liliumiza mgongo, joto liliumiza mwili, na moshi wa sigara uliumiza macho. Lakini kiingilio chake kililipwa kwa sarafu, na kijana mchukuzi wa mizigo au fundi wa viatu aliweza kukimudu. Manzese, ambayo wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni kabla ya kuanzishwa Wilaya ya Ubungo, ikapata sinema zake kwa njia hiyo, pasipo ruhusa ya mpangaji ye yote wa mji.

Katika mabanda ya Dar es Salaam alisimama mtu ambaye historia ya Kiswahili haina budi kumtaja: mfasiri wa picha. Aliyejulikana kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu. Alianza kwa kuwafasiria watu ana kwa ana akishika kipaza sauti, kisha sauti yake ikanaswa juu ya kanda na kusambazwa nchini. Baada yake walikuja wengine, kama DJ Mark. Kazi yao haikuwa kugeuza neno kwa neno. Mfasiri aliwapa wageni majina ya mitaani, akaeleza desturi ngeni kwa mfano wa nyumbani, akamkemea mwovu, akamcheka mjinga, na mara nyingine akatangulia kusema litakalotokea. Alikuwa msimulizi wa barazani aliyeletwa ndani ya picha yenyewe. Kwa kinywa chake picha ya Hong Kong au ya Marekani ilihukumiwa kwa Kiswahili wakati ule ule ilipokuwa ikionyeshwa. Na mtazamaji aliyekuwa kwenye benchi akajifunza kwamba picha si jambo la kunyamaziwa.

Basi mtazamaji huyo alikuwa na sheria zake, na istilahi zake. Shujaa aliitwa stelingi, na mpinzani wake aliitwa adui. Ilikubaliwa kwamba stelingi hafi. Akifa, sharti pawe na sababu yenye uzito, ama sivyo picha yenyewe imekufa. Ilikubaliwa kwamba adui mwenye nguvu ndiye ampaye stelingi heshima, kwa hiyo picha yenye adui dhaifu ni picha dhaifu. Ilikubaliwa kwamba kisasi lazima kiwe na deni lililoonekana kwa macho, si lililosimuliwa tu. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuzitaja sheria hizi kwa utaratibu, na kuipima picha kwazo kama seremala apimavyo ubao. Hizo hazikuwa sheria za kitoto. Mshairi wa Kiswahili naye husema kwamba shairi lina mizani na vina, na kwamba mwenye kuvivunja ajue anavyovivunja.

Mbele ya baraza la namna hii ndipo zilipokuja picha mpya za Kiswahili. Palikuwa na picha za Kitanzania kabla yake, kama *Arusi ya Mariamu* ya mwaka wa 1985 na *Maangamizi* ya mwaka wa 2001, lakini hizo zilikuwa chache, na zilijulikana katika matamasha kuliko mitaani. *Girlfriend*, iliyoongozwa na George Tyson mwaka wa 2003 na kuigizwa na wanamuziki wa kizazi kipya kama TID, ilionyesha kwamba picha ya video iliyotengenezwa Dar es Salaam inaweza kuvuta umati. Mwaka wa 2005 Mussa Banzi alitoa *Shumileta*, picha ya kutisha ambayo hofu zake zilikuwa za hapa hapa. Mwaka wa 2006 Steven Kanumba, aliyekwisha kujulikana kwa michezo ya kundi la Kaole katika ITV, aliigiza katika *Dar 2 Lagos* pamoja na waigizaji wa Nigeria. Baada ya hapo mto ulifurika. Picha hizo ziliitwa Bongo Movie, na msambazaji mkubwa wake alikuwa Steps Entertainment.

Furaha ya mabenchi ilikuwa ya kweli. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa Manzese hakumhitaji mfasiri: stelingi alisema lugha yake, alikula ugali, alisalimia kwa shikamoo. Heshima hiyo haikuwa ndogo. Lakini yule aliyezoea kuhukumu hakuacha kuhukumu kwa sababu mshitakiwa ni ndugu yake; pengine alizidisha. Mtu husamehe kosa la mgeni kwa kuwa hajui desturi za huko. Kosa la jirani hulijua mara moja.

Mwaka wa 2011 wafaa kuwa mfano, kwa kuwa ulikuwa karibu na kilele. Katika mwaka huo Kanumba alitoa *Devil Kingdom*, akimleta Ramsey Nouah kutoka Nigeria kuigiza naye. Picha ikazungumzwa kabla haijaonekana. Katika mwaka huo huo ilitolewa *Chumo* ya Jordan Riber, hadithi ya mapenzi katika kijiji cha wavuvi yenye mafunzo juu ya malaria kwa wajawazito. Na kando ya hizo zilitoka picha nyingine kwa makumi, zikipangwa kwenye meza za Kariakoo na kutundikwa katika vibanda vya kukodisha huko Darajani na Tip Top. Mpenzi wa sinema aliyetaka kuzihesabu picha za mwaka mzima na kutoa rai juu yake alikuwa na kazi ya kutosha, na rai zilizosikika mitaani kwa kawaida zilikuwa na hoja nne.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya nyumba. Picha nyingi zilipigwa katika majumba ya fahari yenye makochi makubwa na magari mlangoni, na watu wa humo hawakuonekana wakifanya kazi iliyoyaleta. Mtazamaji wa Manzese hakuchukia utajiri. Picha za Kihindi alizozipenda zimejaa utajiri. Lakini katika *Awara* jumba la hakimu limesimama mbele ya kibanda cha mke aliyefukuzwa, na hadithi yote ni umbali ulioko kati yao. Katika picha mpya kibanda kiliondolewa, jumba likabaki peke yake, na hadithi ikakosa umbali wa kusafiri.

Hoja ya pili ilikuwa ya jina na lugha. Picha iliyosema Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho ilipewa jina la Kiingereza. Wauzaji walikuwa na sababu yao, kwamba jina la kigeni huvutia. Lakini mtu wa kwenye benchi, aliyekuwa amekwisha kuona picha ya Marekani ikifanywa ya Kiswahili kwa nguvu ya mfasiri, alistaajabu kuona picha ya Kiswahili ikijificha nyuma ya jina ambalo muuzaji mwenyewe hakulitamka sawasawa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoleta hasira kubwa zaidi: sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ilikuwa ada hadithi moja kukatwa mara mbili na kuuzwa kama picha mbili. Sababu yake ilikuwa ya biashara: diski mbili zilileta fedha ya diski mbili. Matokeo yake yalikuwa ya sanaa. Ili hadithi ya saa moja na nusu ijaze saa tatu, mtu alionyeshwa akitembea kutoka mlangoni mpaka garini, gari likaonyeshwa njia nzima, na wimbo ukapigwa mpaka ukaisha. Mtazamaji mwenye mizani yake aliona kwamba ubeti umejazwa silabi zisizo na maana.

Hoja ya nne ilikuwa ya adui. Katika picha nyingi hapakuwa na adui bali hawara; si mpinzani, bali mshindani wa mapenzi. Ugomvi ukaishia chumbani, na sheria ya kisasi ikakosa deni lenye uzito. *Devil Kingdom* ilijaribu njia nyingine kwa kuleta nguvu za giza, na *Chumo* kwa kumfanya umaskini na maradhi kuwa adui. Majaribio hayo yaonyesha kwamba watengenezaji wenyewe walikuwa wakiutafuta upana ambao soko halikuwalipa kuutafuta.

Hapa ndipo lilipo fundo la jambo lenyewe. Hoja hizi zilisemwa wazi, tena kwa miaka. Kwa nini hazikubadili kitu? Jibu moja ni dharau, nayo ilikuwapo: aliyesoma hakudhani kwamba benchi la kibanda umiza lina la kumfundisha. Lakini jibu kubwa zaidi liko katika njia ya fedha. Mtengenezaji aliuza kazi yake kwa msambazaji kwa bei moja, na mapato yake yakaishia hapo. Mwenye kibanda alinunua diski moja, au nakala ya wizi, akaionyesha kwa watu wengi. Sarafu zao zikaingia mfukoni mwake, wala hazikufika kwa aliyeitengeneza picha. Kwa hiyo picha mbaya na picha njema zilimletea mtengenezaji malipo yanayokaribiana, na kilichomwongezea kipato ni wingi, si ubora. Hukumu ya mabenchi ilikuwa hukumu isiyokuwa na mtekelezaji.

Haki yataka upande wa pili usikilizwe. Mtengenezaji alifanya kazi bila ya mkopo wala shule ya fani yake karibu, na alipiga picha kwa siku chache kwa sababu kila siku ya kukodi kamera ilikuwa hasara. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka wa 1999, lakini nakala za wizi ziliuzwa mchana peupe. Mtu aibiwaye kila siku haambiwi kwa urahisi ajenge nyumba nzuri zaidi.

Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki dunia Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Umati uliojaa viwanja vya Leaders Club kumwaga, na barabara za kuelekea makaburi ya Kinondoni, ulikuwa na watu wengi wa mitaa kama Manzese. Umati ule wahitaji kusomwa vizuri. Wengi waliokuwamo walikuwa wamezilaumu picha zake. Na waliomlilia ndio wale wale. Lawama yao haikuwa uadui. Ilikuwa sehemu ya mapenzi, maana mtu hajishughulishi kuhesabu makosa ya kitu asichokijali.

Baada ya hapo soko lilipungua nguvu. Mwezi wa Aprili 2017 waigizaji walikusanyika Kariakoo kulalamikia picha za nje zilizouzwa bila ya kulipiwa kodi, wakiona kwamba ndizo zinazowaua. Madai yao juu ya kodi na wizi yalikuwa ya haki. Lakini jibu la watu wengi lilikuwa kali: kwamba mtazamaji hakufukuzwa na mgeni, bali alichoshwa na mwenyeji. Hoja za mabenchi, zilizosemwa kwa miaka bila ya kusikika, zilirudi siku ile kwa sura ya kicheko. Na kicheko ni hukumu ya mwisho, isiyokuwa na rufani, kwa kuwa mwenye kucheka amekwisha kuondoka.

Tangu wakati huo picha za Kitanzania zimechukua njia nyingine. Ziko zinazotengenezwa kwa subira, kama *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka wa 2021. Na ziko zinazopita katika televisheni za kulipia na katika simu. Mapato yaweza sasa kumfuata mtazamaji kwa karibu zaidi kuliko zamani, maana kila anayetazama huhesabiwa. Walakini kuna kitu kinachopungua. Anayetazama simuni hutazama peke yake. Akichoka hubonyeza, akaenda kwingine. Amehesabiwa, lakini hakusema kwa nini amechoka. Benchi lilikuwa na watu sita waliolazimika kukubaliana au kubishana, na sababu zao zilitolewa kwa sauti.

Kwa mwanafunzi wa fasihi na historia funzo lake ni hili. Mashairi ya Waswahili yalikaa vifuani mwa watu miaka mingi kabla ya kukusanywa, na waliokusanya wanashukuriwa. Lakini rai za wasikilizaji wa mashairi hayo, waliosema hili limekaa na hili limepwaya, nyingi zimepotea kabisa. Sinema ya Kiswahili yaelekea kupatwa na msiba huo huo. Picha zenyewe zitabaki, nzuri na mbovu. Waliozihukumu katika joto la mabati ya Manzese wengi wangali hai, na wanakumbuka. Kuwauliza ni kazi ya kalamu na daftari tu. Na kazi hiyo ikiahirishwa sana, itabaki historia ya sinema isiyojua picha zake zilimfurahisha nani, wala zilimchosha nani, wala kwa sababu gani.